Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: kiungo cha taya kipimwe kabla ya nusukaputi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Mkuu wa Idara ya Usingizi,
Mkuu wa Idara ya Upasuaji,
na Mkuu wa Huduma za Uuguzi.

YAH: KUTOPIMWA KWA KIUNGO CHA TAYA KABLA YA NUSUKAPUTI, NA KUTOANDIKWA KWA YALIYOTOKEA

Waheshimiwa,

Salamu na heshima zitangulie. Mimi ni mgonjwa mliyemwondoa kibofu cha nyongo miezi 11 iliyopita. Tangu wakati huo nimewaandikia barua tatu za faragha. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa na inashughulikiwa. Ya pili iliniletea mwaliko wa kikao ambamo nilisikilizwa kwa upole na kuahidiwa majibu ya maandishi. Ya tatu, niliyoandika kuyaulizia majibu hayo, haikujibiwa kabisa. Sikupenda kufika hapa. Ninaandika hadharani kwa sababu suala hili halinihusu peke yangu, na kwa sababu wapo wengine wenye taya kama langu ambao bado wanapandishwa kwenye meza ya upasuaji bila yeyote kuwauliza.

Niseme mapema, nisije nikaeleweka vibaya, kwamba sina ugomvi na mtaalamu wa usingizi eti kwa kuwa taya langu liliteguka mikononi mwake. Mtu aliyepewa nusukaputi pamoja na dawa ya kulegeza misuli hapumui mwenyewe, na mkono ulioshika taya lake ndio unaobeba uhai wake kwa dakika hizo. Lau ningeulizwa nichague kati ya kiungo changu na pumzi yangu, ningechagua pumzi bila kusita. Ninacholalamikia ni kile kilichotangulia na kile kilichofuata: nilisema, maneno yangu hayakuandikwa; dalili zilionekana, hazikutiliwa maanani; na jambo lilipotokea, faili langu lilinyamaza.

Mambo yalikwenda hivi. Kwa miaka 9 kiungo cha taya langu upande wa kulia kimekuwa kikialika ninapotafuna, na asubuhi nyingine hukwama nikashindwa kufungua kinywa mpaka nikikande kwa kitambaa cha moto. Siku ya kliniki ya maandalizi, wiki mbili kabla ya upasuaji, nilimweleza muuguzi kwamba kinywa changu kinapokea vidole viwili tu, tena kwa kubana. Alinisikiliza, akasema nimkumbushe daktari siku yenyewe. Fomu aliyokuwa akiijaza ilikuwa na nafasi ya shinikizo la damu, kisukari, pumu, mzio wa dawa, meno yanayocheza na meno ya bandia. Nafasi ya taya haikuwamo. Siku yenyewe, nikiwa nimekwisha kulazwa kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mtaalamu ambaye sikuwahi kumwona kabla aliniambia nifungue kinywa na kutoa ulimi, akatazama kwa sekunde chache, akaniuliza kama nimekula. Nilimtajia taya. Akanijibu kwamba dawa italegeza. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayoyakumbuka kabla ya usingizi.

Nilipozinduka, kinywa kilikuwa wazi na hakikufunga. Kidevu kilikuwa kimehamia kushoto, mate yakinitiririka shingoni, na mbele ya sikio la kulia palikuwa na kishimo ambacho sikuwahi kukigusa kabla ya siku hiyo. Neno lenyewe la maumivu linataka midomo ikutane mara mbili, na yangu haikukutana hata mara moja. Sauti nilizotoa zilichukuliwa kuwa ni ulevi wa dawa. Nikaambiwa nitulie, dawa bado haijaisha mwilini. Jioni dada yangu alipoingia wodini ndiye aliyesema kwa sauti kwamba huo haukuwa uso wangu. Taya lilirudishwa mahali pake na daktari wa kinywa na taya aliyeitwa kwa dharura, saa sita nzima baada ya mimi kuzinduka. Mwaka uliotangulia upasuaji, daktari wa meno alikuwa amepima mwanya wa kinywa changu akapata milimita 32. Leo ni milimita 22.

Baada ya hayo, naomba niwawekee mbele hoja zangu.

1. Kiungo cha taya hakiulizwi wala hakipimwi.

Huenda msomaji akashangaa kwamba kiungo kidogo kilicho mbele ya sikio kina uzito wowote katika upasuaji wa tumbo, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo jambo ambalo nyinyi mnalijua kunishinda. Taya la chini linaning'inia kwenye viungo viwili, kimoja kila upande. Katika kila kiungo, kichwa cha mfupa wa taya kinakaa ndani ya kishimo cha mfupa wa fuvu, na kati yao kuna kisahani cha gegedu kinachowazuia kusagana. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa hicho huzunguka papo hapo kama bawaba ya mlango, na huo mzunguko peke yake hutoa kiasi cha sentimita mbili tu. Ili kinywa kifunguke zaidi ya hapo, kichwa hicho pamoja na kisahani chake hutelezea mbele na chini. Kisahani kikichomoka na kurudi, ndipo mtu husikia ule mwaliko. Kikichomoka kisirudi, kinywa hukwama nusu. Mtu mzima asiye na tatizo hufungua milimita 40 hadi 50 kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, yaani vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima. Chini ya milimita 30 ni onyo kwa yeyote atakayemlaza usingizi.

Mtaalamu wa usingizi anazihitaji harakati zote mbili. Anahitaji mwanya ili laringoskopu, kile kifaa cha kumulikia koo chenye ulimi wa chuma, kiingie pamoja na mrija wa kupumulia. Anahitaji pia taya litelezee mbele, kwa sababu mtu akilala kwa dawa ulimi hulegea, ukarudi nyuma na kuziba koromeo, na dawa ya kwanza ya hali hiyo ni vidole viwekwe nyuma ya pembe za taya na kulisukuma mbele ili ulimi uondoke njiani. Basi kiungo kisichofunguka kinazuia kifaa, na kiungo kisichoteleza kinaweza kuzuia hata ule msaada wa mikono mitupu ambao wote hutegemea mambo yakiharibika. Kwa mgonjwa kama mimi milango yote miwili inaweza kufungwa kwa ufunguo mmoja.

Nilichofanyiwa pale mlangoni ni kipimo kilichopendekezwa na daktari wa usingizi Mallampati mwaka 1985, cha kutazama ni kiasi gani cha kimio na koromeo kinaonekana ulimi ukitolewa. Ni kipimo kizuri, lakini kazi yake ni kulinganisha ukubwa wa ulimi na nafasi iliyopo. Hakipimi mwanya kwa milimita, wala hakioneshi kama taya linateleza. Hayo yana vipimo vyake. Rula ndogo kati ya meno ya mbele. Mgonjwa aung'ate mdomo wake wa juu kwa meno ya chini, maana asiyeweza kufanya hivyo taya lake haliji mbele. Kidole mbele ya kila sikio wakati kinywa kinafunguka, ili kusikia kama kiungo kinasogea, kinaalika au kimeganda. Yote haya hayamalizi dakika moja.

Na kabla ya kupima kuna kuuliza. Wapo ambao viungo vyao vya taya vimeliwa na baridi yabisi. Wapo waliopata tiba ya mionzi ya kichwa na shingo, ambao misuli yao ya kutafuna imekuwa migumu kama kamba. Wapo waliovunjika taya utotoni, kiungo kikaganda na taya likaacha kukua, wakabaki na kidevu kidogo na ulimi uliokosa nafasi. Wapo wenye jipu la jino la nyuma lililowakaza kinywa juzi tu. Na wapo wa upande wa pili kabisa, ambao viungo vyao vimelegea kiasi kwamba taya huchomoka kwa kupiga mwayo tu. Wengi wao hawatajitaja, kwa sababu wamezoea kukata chakula vipande vidogo na kucheka kwa tahadhari, na hawaoni hilo lina uhusiano gani na nyongo, ngiri au uzazi. Wasipoulizwa kwa jina la kiungo, hawatasema.

2. Jibu la "dawa italegeza" si sahihi kwa kila taya.

Hoja hii naishikilia kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ya kifo, nami nilinusurika kwa kuteguka tu. Ni kweli kwamba kinywa kilichokazwa na maumivu au misuli iliyokakamaa mara nyingi hufunguka mgonjwa akishalala na kulegezwa. Lakini kinywa kilichozuiwa na mfupa ulioshikamana, na makovu ya mionzi, au na kisahani kilichokaa njiani kisirudi, hakina habari na dawa hiyo. Dawa inalegeza misuli, haiyeyushi mfupa wala kovu. Kwa macho tu watu hawa wawili wanafanana. Tofauti yao hujulikana kwa historia, kwa kupapasa, na inapobidi kwa picha ya kiungo. Anayedhania kwamba kila kinywa ni cha aina ya kwanza atagundua kosa lake wakati mgonjwa amekwisha kuacha kupumua.

Na muda wa kugundua ni mfupi mno. Mtu mzima mwenye afya aliyevutishwa oksijeni vizuri kwa barakoa kabla ya kulazwa ana akiba ya dakika kadhaa. Asiyevutishwa ana dakika moja au mbili hivi. Mtoto, mjamzito na mtu mnene wana muda mfupi zaidi. Katika muda huo ndipo mtaalamu atagundua kuwa laringoskopu haiingii, na kwamba hata kile kifaa laini kinachokaa juu ya zoloto, yaani mlango wa njia ya hewa kooni, alichokibuni daktari wa usingizi Archie Brain mwaka 1981 na ambacho kimeokoa wengi pale mrija uliposhindikana, nacho kinahitaji kinywa kilichofunguka ili kipite. Kitakachobaki ni barakoa ya usoni, na barakoa isipotosha, ni kutoboa mbele ya shingo.

Upo upande mwingine wa jibu hilo ambao ulinipata mimi. Misuli ya kutafuna ndiyo mlinzi wa kiungo cha taya. Mtu akiwa macho, taya likisukumwa kupita kiasi, maumivu humfanya akaze na kukataa. Akilegezwa, mlinzi huyo amelala. Taya linafunguka kwa urahisi, na anayelivuta halisikii likikataa, hadi kichwa cha mfupa kivuke kinundu cha mbele ya kishimo na kukwama huko. Dawa ililegeza kweli, kama nilivyoambiwa, na kulegea huko ndiko kulikofanya kiungo changu kichomoke.

Iliyo sahihi kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kiungo kilichoganda inafahamika katika idara zenu. Mrija unaweza kupitishwa akiwa macho na akipumua mwenyewe, pua na koo vikiwa vimetiwa ganzi ya lidokeini, kwa kufuata kamera nyembamba inayopinda inayopita puani, njia ambayo haihitaji kinywa kifunguke hata milimita moja. Upasuaji mwingine unaweza kufanywa kwa ganzi ya uti wa mgongo, mradi mpango wa njia ya hewa uwepo hata hivyo, kwa kuwa ganzi inaweza isishike au ikapanda juu kuliko ilivyokusudiwa. Na pale ambapo vyote viwili haviwezekani, mgonjwa ahamishiwe anakoweza kuhudumiwa, au daktari wa kufungua koo akae tayari chumbani kabla dawa haijaingia mshipani.

3. Taarifa ilifia njiani.

Nilimwambia muuguzi, na muuguzi akanigeuza mimi kuwa mjumbe, niliye mgonjwa, mwenye hofu na njaa, tena nimevuliwa hata miwani. Orodha hakiki ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008 na yenye vipengele 19, inataka swali moja liulizwe kwa sauti kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi: je, ana njia ngumu ya hewa, na kama ndivyo, vifaa na msaidizi wapo? Katika nakala ya orodha yangu, kisanduku hicho kimewekwa alama ya hapana. Sijui aliyeweka alama hiyo alipata wapi jibu, kwa sababu mimi jibu langu lilikuwa ndiyo.

4. Hakuna aliyetazama kama meno yangu yanakutana.

Taya lililoteguka hurudi kwa urahisi zaidi mgonjwa akiwa bado amelegea kwa dawa. Hukandamizwa kwa vidole gumba juu ya meno ya nyuma, kwenda chini kisha nyuma, kwa namna ile ile ambayo imejulikana tangu enzi za Hippocrates. Kadiri saa zinavyopita ndivyo misuli inavyokakamaa na kazi inavyokuwa ngumu. Kabla ya kumwamsha mtu ambaye kinywa chake kilihangaishwa, inatosha kufunga kinywa, kutazama kama meno yanakaa yalivyokuwa, na kugusa mbele ya masikio. Halikufanyika. Na katika chumba cha uangalizi, mgonjwa asiyeweza kufunga kinywa alionekana kama mlevi kwa saa sita, ilhali wauguzi wale walikuwa wapole na wenye bidii. Nakumbuka mmoja aliyenifuta mate kila alipopita. Hawakufundishwa cha kutazama, basi.

5. Faili langu halisemi kilichotokea.

Kwa mdomo, mmoja wa waliokuwamo chumbani aliniambia siku ya kuruhusiwa kwamba mrija ulijaribiwa mara tatu na ukaingia mara ya nne kwa kifaa tofauti. Namshukuru, na sitamtaja. Lakini karatasi ya usingizi niliyopewa nakala yake ina neno moja mbele ya kipengele cha kuingiza mrija: "kawaida".

Waheshimiwa, hilo ndilo linaloninyima usingizi wa kawaida. Miongozo ya mwaka 2015 ya Difficult Airway Society, chama cha Uingereza kinachoshughulikia njia ngumu za hewa, inataka majaribio ya laringoskopu yasizidi matatu, na la nne liwe la mtu mwenye uzoefu zaidi. Inataka pia kwamba mgonjwa aliyekuwa na njia ngumu ya hewa aelezwe na apewe maandishi ya kubeba. Sababu iko wazi. Njia ya hewa iliyosumbua mara moja ina kila sababu ya kusumbua tena, na anayefuata ana haki ya kujua alichokutana nacho aliyetangulia. Faili linalosema "kawaida" litamfanya mtaalamu mwingine, asiye na kosa lolote, aingie chumbani akiwa hana habari.

Najua yatakayosemwa, kwa kuwa mengine niliyasikia kikaoni.

Itasemwa kwamba matukio haya ni nadra. Ni kweli, na nafurahi ni kweli. Ukaguzi wa kitaifa uliofanywa Uingereza kati ya mwaka 2008 na 2009, ripoti yake ikatolewa mwaka 2011, ulikadiria tukio moja kubwa la njia ya hewa katika kila nusukaputi 22,000 hivi. Yalipatikana matukio 133 yaliyohusu usingizi wa upasuaji, yakiwamo 16 ya vifo. Lakini waandishi wa ripoti hiyo hawakuishia kwenye unadra. Walikuta kwamba katika visa vingi njia ya hewa haikutathminiwa vizuri, au ilitathminiwa na matokeo yake hayakubadili mpango, na kwamba njia ya kupitisha kamera mgonjwa akiwa macho haikutumiwa pale ilipostahili. Mimi nilisoma maneno hayo nikajiona ndani yake.

Itasemwa kwamba hakuna kipimo kinachotabiri kila ugumu. Nakubali kabisa, vipo vinywa vinavyofunguka vizuri na bado pa kupitisha mrija hapaonekani. Hata hivyo mwanya wa kinywa hauhitaji utabiri. Kifaa ama kinapita ama hakipiti, na rula inajua kabla.

Itasemwa wagonjwa ni wengi na muda hautoshi. Kipimo hiki ni chini ya dakika moja, na zilizopotea kwangu ni saa sita za wodini, upasuaji wa pili utakaofuata, na miezi ya kula uji na ndizi zilizopondwa. Itasemwa vifaa ni ghali. Kamera inayopinda ni ghali, ndiyo, lakini swali, kalamu na rula havina bei ya kuzungumzia, na mgonjwa aliyetambuliwa mapema anaweza kuhamishwa akiwa hai. Itasemwa pia kwamba nilitia saini fomu ya ridhaa, ambayo inataja maumivu ya koo na kuvunjika kwa meno. Nilitia saini kwa hiari. Haikutaja taya, na hata ingetaja, ridhaa ni ya hatari iliyobaki baada ya tahadhari kuchukuliwa, haiwezi kuwa badala ya tahadhari.

Ninachoomba kinafahamika tangu barua yangu ya kwanza, nami nakirudia hapa ili kisipotee tena. Fomu ya kliniki ya maandalizi iongezewe kipengele cha kiungo cha taya: je, kinaalika, kinauma, kimewahi kukwama au kuteguka, kuna jeraha, mionzi au baridi yabisi, na chini yake nafasi ya kuandika mwanya kwa milimita, pamoja na jibu la kuung'ata mdomo wa juu. Mwanya ukiwa chini ya milimita 30, au kiungo kikiwa na historia ya kuteguka, muuguzi apige simu idara ya usingizi siku hiyo hiyo, ujumbe usiachwe mikononi mwa mgonjwa. Na mpango wa njia ya hewa uandikwe, pamoja na kitakachofanywa endapo mpango huo utashindikana, kisha usomwe kwa sauti wakati wa orodha hakiki. Kukaguliwa kwa taya kabla ya kumwamsha mgonjwa kuwe desturi kila pale mrija uliposumbua. Wauguzi wa chumba cha uangalizi wafundishwe alama za taya lililoteguka, somo ambalo lingechukua asubuhi moja, na ambalo daktari yule wa kinywa na taya aliniambia yuko tayari kulitoa.

Lipo na ombi langu binafsi, ambalo lina tarehe. Wiki tano kutoka leo nimepangiwa upasuaji wa kiungo chenyewe cha taya katika hospitali nyingine. Mtaalamu wa usingizi wa huko alinipima kwa rula, akapapasa viungo vyote viwili, akaandika, kisha akaniuliza mambo manne: mara ya mwisho mrija ulijaribiwa mara ngapi, kwa vifaa gani, ni kipi kilichofanikiwa, na kama barakoa ya usoni ilitosha kunipa hewa kati ya jaribio moja na jingine. Sikuwa na majibu, kwa sababu nilikuwa nimelala. Majibu hayo mnayo nyinyi. Naomba karatasi ya usingizi isahihishwe na waliokuwapo, wangali wanakumbuka, nami nipewe barua yenye mambo hayo manne, iliyotiwa saini na Mkuu wa Idara ya Usingizi, kabla ya siku ya upasuaji. Sitaitumia barua hiyo kumshtaki yeyote, na niko tayari kuliandika hilo pia. Nitamkabidhi atakayenishika taya.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mgonjwa wenu wa upasuaji wa nyongo, mwandishi wa barua tatu zilizotangulia hii.